Jino la Marehemu Nyuzi Tano

Jumamosi, 2 Machi

Nimerudi kutoka kikaoni nikiwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kukaa. Ninaandika haya nikiwa nimesimama, shajara juu ya friji ya Dada.

Jumuiya yetu ya wapenzi wa gitaa hukutana kila Jumamosi alasiri katika stoo ya duka la rangi, baina ya madebe na mifuko ya chokaa. Kanuni zake ni chache na, kwa hakika, ni za busara. Kila mwanachama huleta rekodi moja ya zamani, iwe gitaa kavu la muziki wa asili au gitaa la umeme la roki, akaipiga mbele ya wenzake. Hakuna ruhusa ya kufungua kinywa hadi uzi wa mwisho utakapoacha kutetema. Atakayesema kabla ya hapo hupika chai. Kisha mwenye rekodi husimama na kuitetea.

Leo nilileta roki. Gitaa linalia, linaomba, linatishia kuhama nyumba. Kazi ya fahari! Niliitetea kwa hoja zilizopangwa vyema, nikianzia historia ya waya. Nilikuwa nimefika kwenye sumaku za gitaa pale Fundi Saa aliponikatiza na kuuliza kama sauti yaweza kuongezwa. Yeye hupenda roki tu, tena ya kupasua madirisha, kwa kuwa kutwa nzima husikiliza tik-tak dukani kwake. Nikamjibu kwamba sauti si hoja. Akaniambia, "Profesa, na hoja si wimbo." Wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama ningekuwa mtu wa kawaida.

Akafuata Daktari wa Meno. Gitaa kavu, mzee asiyejulikana anapapasa nyuzi, mbwa anabweka kwa mbali. Hakuitetea hata kidogo. Alitoa leso akalia. Basi! Mama Rangi, mwenye duka na mwenyekiti wetu, akalia naye. Fundi Saa akapenga kamasi. Nikauliza, kwa adabu zote, machozi yanathibitisha nini. Nikaambiwa nikapike chai. Nikapinga: rekodi ilikuwa imekwisha, na kanuni iko wazi. Mama Rangi akasema, "Mwanangu, imekwisha kwako. Sisi bado tunaisikia."

Nikapika chai.

Na hapo ndipo likaja jambo lenyewe. Redio ya mji wetu inaipa Jumuiya saa moja hewani Alhamisi ya tarehe 14. Msemaji ni mmoja tu. Kipindi kikipendwa kitakuwa cha kila wiki, na msemaji ataajiriwa. Ataajiriwa! Nina shahada. Nina sauti. Nina kitanda nyumbani kwa Dada, katika chumba ambacho Shemeji amejaza makasha ya fomu za bima. Tutapiga kura Jumamosi ijayo.

Kiti kile ni changu. Mtu wa kulialia hawezi kutangaza.

Jumapili, 3 Machi

Nimezunguka uwanja wa nyumba asubuhi nzima. Dada ameniuliza kama nimepoteza kitu. Nimemjibu kwamba ninafikiri. Amesema nifikirie huku nikifagia.

Hali ilivyo: machozi hayashindwi kwa hoja. Nimesoma vitabu vingi kuhusu namna ya kushawishi umma, na vyote vinakiri jambo hili mahali fulani, kwa aibu, karibu na mwisho. Silaha pekee dhidi ya machozi ni machozi makubwa zaidi. Nahitaji rekodi ambayo Jumuiya haijapata kuisikia. Lakini wamesikia kila kitu! Mama Rangi ana santuri ambazo hata waliozipiga wamezisahau.

Nilikuwa chini ya kamba ya nguo nilipopata jibu. Rekodi ambayo hakuna aliyeisikia ni ile ambayo haijapigwa.

Nikamwendea Shemeji. Mume huyu wa dada yangu huuza bima ya maisha, naye huwaambia wateja wake wote kwamba angekuwa mpiga gitaa mashuhuri kama asingeoa. Gitaa lake lina nyuzi tano. Wa sita, kwa maelezo yake, ulikatika kwa msisimko siku ya harusi. Kwa maelezo ya Dada, alilikalia. Nikamwambia ninafanya utafiti kuhusu vipaji vilivyofichika majumbani. Akanishika bega, akasema siku zote alijua kwamba shahada yangu ingefaa kitu.

Sharti lake ni moja: apigie bafuni. Anadai kuta za vigae ndizo pekee zinazomwelewa.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imefanyika. Shemeji juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi kwenye ukingo wa sinki, kinasa sauti cha kaseti juu ya tangi la choo. Wimbo wake unakwenda taratibu na kurudi pale pale ulipoanza, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kutokea. Hata hivyo, nakiri kwamba una huzuni fulani. Pengine ni ile ndoo.

Katikati ya wimbo Dada akaupiga mlango kwa kiganja na kuuliza nani yumo humo na sabuni yake. Shemeji akaganda. Kimya! Akavuta pumzi, akakohoa kidogo, kisha akaendelea kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Nimeifuta sauti ya Dada. Kimya nimekiacha, kwa kuwa sikuweza kukiondoa bila kuondoa nusu ya wimbo.

Jumatano, 6 Machi

Tatizo: kanda ilikuwa safi mno. Ilisikika kama kitu cha juzi, na kwa bahati mbaya ndicho ilichokuwa. Nikaipiga tena jikoni, kando ya kikaango cha Dada, nikairekodi upya pamoja na ule mlio wa vitunguu vikikaangwa. Matokeo ni ya ajabu. Sasa inakwaruza kana kwamba imefukuliwa ardhini. Dada aliuliza kama vitunguu vyake vinahojiwa. Nikamwambia asiseme wakati wa kurekodi. Nikafukuzwa jikoni kwa mwiko.

Wasifu wa msanii nimeutunga bustanini, nikitembea. Jina lake Nyuzi Tano. Mpiga kengele wa stesheni ya reli. Mgane, amefiwa na mkewe. Alirekodi wimbo mmoja tu, akafa. Nilifikiria kumpa upofu lakini nikajizuia. Mwandishi mwenye ladha hujua pa kusimama.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya ushindi wangu, kwa muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai.

Niliiweka kanda. Hakuna aliyejikuna. Kile kimya cha katikati kilipofika, Mama Rangi alifumba macho na kushika debe la rangi ya kijani kama mtu anayeshika bega la ndugu. Wimbo ukaisha, nao hawakusema. Fundi Saa mwenyewe hakuomba sauti iongezwe! Nikasimama. Nikatetea kwa ufupi usio wa kawaida yangu: stesheni, ugane, kifo. Mama Rangi akalia kwa kwikwi. Nikaona kiti cha redio kikinisogelea chenyewe.

Ndipo akasimama Daktari wa Meno, mkono kifuani.

"Nyuzi Tano," akasema. "Nilidhani nimebaki peke yangu ninayemkumbuka."

Mungu wangu!

Alieleza kwamba alimng'oa gego enzi za ujana wake, alipokuwa daktari mgeni karibu na stesheni ile. Stesheni ile! Mzee alikataa sindano ya ganzi. Aliomba gitaa lake, akapiga huku koleo likiwa kinywani. Na kile kimya cha katikati, ndugu zangu, ndicho kimya cha jino likitoka. Daktari alikitambua mara moja. Baada ya siku ile, mzee hakuupiga wimbo wake tena bila kusimama pale pale, kwa heshima ya maumivu.

Maumivu! Ilikuwa sabuni!

Ningesema anadanganya? Nimejuaje? Nikajaribu mlango wa nyuma: nikamwomba aeleze sura ya marehemu. Mwembamba, akasema, kofia, sauti ya upole. Nikasema utafiti wangu unaonyesha alikuwa mnene. Fundi Saa akaniuliza kama nilipata kukutana naye. Nikakiri kwamba la. "Basi kaa chini, Profesa, mwache aliyemgusa mdomo aseme."

Kura ikapigwa kwa kuinua mikono. Daktari wa Meno, kwa kauli moja. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa mikono hiyo. Mama Rangi alikuwa akinitazama kwa macho mekundu ya huruma, na kuuacha chini kungeonekana kama wivu.

Mimi nimeteuliwa kubeba kanda hadi redioni.

Jumatatu, 11 Machi

Sikulala vizuri, sikula vizuri, sikukaa popote muda wa kukipasha kiti joto. Hatimaye nikapata mkakati: mwongo huanguka akidaiwa ushahidi. Nikaenda kliniki kwa Daktari nikijifanya naumwa jino.

Nilipolala kwenye kiti chake nikamwuliza, kama kwa mzaha, iwapo kuna kumbukumbu yoyote ya mgonjwa yule mashuhuri. Akasema amesikitika, kijana msomi kama mimi kuwa na shaka. Kisha akanichungulia mdomoni na kusikitika zaidi. Lilikuwapo jino bovu kweli! Kabla sijajenga hoja, sindano ilikuwa imeshapita, nusu ya uso wangu ikawa si yangu.

Akaliziba jino. Halafu akafungua kabati, akatoa chupa ndogo, na ndani yake gego. Kubwa, la manjano, lenye mizizi kama ya mhogo. "Nimelitunza miaka yote hii," akasema, na leso ikatoka.

Gego la nani lile? La nani? Nilijaribu kumkabili kwa swali hilo, lakini midomo ilikataa amri. Yalitoka mapovu. Nesi akanifuta kidevu, akaniambia pole, wengi huguswa wakiliona.

Alhamisi, 14 Machi

Redioni. Nilikaa kwenye pembe ya studio, mfuko wa kanda mapajani, nimekatazwa kusema. Mtayarishaji wa kipindi ni kijana wa umri wangu, tena mwenye shahada dhaifu kuliko yangu, nilimwuliza.

Daktari hakusema chochote chenye maana ya kitaaluma. Alilia kabla ya wimbo, akalia baada ya wimbo, na baina ya vilio viwili hivyo aliitikisa chupa mbele ya kipaza sauti ili wasikilizaji walisikie jino. Walilisikia! Simu zikaanza kumiminika. Mama mmoja alimkumbuka Nyuzi Tano katika harusi ya dada yake. Bwana mmoja akaapa kwamba alifundishwa naye gitaa. Mwingine akapiga kwa hasira kusema alikuwa na nyuzi sita, wa sita alikuwa akiuficha. Wakagombana hewani, watu wazima, kuhusu uzi wa mtu asiyekuwapo. Mtayarishaji alikuwa anarukaruka nyuma ya kioo. Nilinyoosha mkono nipewe nafasi. Akanionyesha taa nyekundu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Shemeji sebuleni, tai imelegezwa, ananisubiri. Alikuwa ofisini na mteja wakati redio ilipoanza kuucheza wimbo. Akautambua. Akakitambua hasa kile kikohozi chake. Kisha akasikia kwamba ni marehemu.

"Shemeji," akaniambia kwa utulivu wa kutisha, "mimi nimekufa lini?"

Kumbe alisimama mbele ya ofisi nzima, mwuza bima ya maisha, akatangaza kwamba maiti anayepiga gitaa redioni ni yeye. Bosi wake akamshauri achukue likizo. Mteja akasema atarudi siku nyingine.

Nikajaribu kumweleza kwamba katika historia ya sanaa, kifo kimekuza majina mengi. Hapo Dada akatoka jikoni. "Umemuua mume wangu redioni, halafu unaniuliza chakula kiko wapi?" Hukumu yake: Jumamosi nitaeleza ukweli mbele ya Jumuiya na kumrudisha mumewe miongoni mwa walio hai. Nikishindwa, Jumatatu ijayo nitafungasha vitabu vyangu na kuanza kumbebea Shemeji mkoba, mlango kwa mlango, tukiuza bima.

Mimi! Mlango kwa mlango!

Jumamosi, 16 Machi

Nimetembea kutoka dukani hadi nyumbani kwa miguu, nikapita nyumbani, nikarudi. Hasira haitaki kiti.

Asubuhi nilikuwa na matumaini makubwa. Ukweli ulikuwa upande wangu, hali ambayo sijaizoea lakini niliifurahia. Na ushahidi nilikuwa nao, hai, wenye suti: Shemeji mwenyewe na gitaa lake. Sikugundua hadi tulipofika kwamba, kwa fahari tu, alikuwa amelinunulia uzi mpya wa sita.

Nikasimama baina ya madebe. Nikakiri yote kwa mpangilio: bafu, ndoo, sabuni, vitunguu. Nilisema vizuri. Pengine sijapata kusema vizuri hivyo maishani. Nilipomaliza, Fundi Saa alicheka hadi akashika ukuta. Mama Rangi hakucheka. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa, akasema wivu ni maradhi kama maradhi mengine, na kwamba wao ni familia yangu.

Nikadai Shemeji apewe nafasi apige. Wakakubali, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Akaketi. Stoo haina vigae, ina mifuko ya chokaa, na chokaa ilizimeza noti zote. Uzi wa sita ulilia kama mgeni asiyejua wimbo. Isitoshe, alianza kuongeza madoido! Mtetemo wa noti hapa, pigo la ziada pale. Nikamkonyeza aache. Akadhani nampongeza, akaongeza. Kile kimya kilipofika alikikalisha mno, akatumia nafasi hiyo kujikuna shingo.

Akamaliza. Mama Rangi akamwambia kwa upole, "Umejitahidi, baba. Ila marehemu alikuwa anaumia. Wewe unajionyesha." Shemeji akafoka kwamba marehemu ni yeye. Fundi Saa akamjibu kwamba hata yeye angependa kuwa marehemu wa kipaji kile, lakini kuna watu wenye adabu.

Nikainuka kwa hoja ya mwisho: wapime mikono, wapime vidole, walinganishe vikohozi! Daktari wa Meno akaninyamazisha kwa kiganja. Akamwomba Shemeji afungue mdomo. Na Shemeji, ambaye hajapata kumkatalia mtu mwenye koti jeupe, akaufungua. Daktari akammulika kwa tochi ya simu, juu, chini, kushoto, kulia. Wote wakasogea kuchungulia. Kisha akaiinua ile chupa mwangani.

Magego ya Shemeji yapo yote.

Huo ukawa mwisho wa kesi. Nilipiga kelele kwamba jino lenyewe ndilo la uongo. Fundi Saa akauliza, "Profesa, sasa unamnyang'anya maiti hata jino?" Mama Rangi akaamuru tusimame kimya kumwomba radhi Nyuzi Tano. Nikasimama. Tulisimama wote, vichwa chini. Shemeji alikuwa karibu nami, akijililia mwenyewe, machozi ya kweli.

Njiani akasema kwamba, tukiacha ubishi, Nyuzi Tano alikuwa anamzidi.

Kipindi kimekuwa cha kila wiki. Daktari ameajiriwa kwa nusu siku, na ataendelea na kliniki. Chai niliipika mimi, ingawa sikuwa na kosa lolote.

Jumapili, 17 Machi

Dada amenipigia pasi shati la kesho, kola imekauka kama hukumu. Shemeji amenikabidhi mkoba na kunifundisha kutabasamu mlangoni: meno kwanza, habari za msiba baadaye. Nimeambiwa kwamba kazi hii humfunza mtu unyenyekevu. Nimemjibu kwamba mtu asiye na la kujivunia hahitaji kufunzwa.

Nimeyachambua makosa yangu kwa ukali unaostahili msomi. Je, kosa lilikuwa uongo? Hata kidogo. Uongo ulipokewa kwa machozi. Ni ukweli uliochekwa! Kosa langu ni la kiufundi: nilimuumba marehemu nikamwacha bila mrithi. Mtu asiye na mrithi huchukuliwa na yeyote mwenye leso. Daktari alimgusa jino tu, na kwa jino hilo amepata ajira. Je, damu yake mwenyewe ingepata nini?

Nyuzi Tano ana mwana. Alipotea utotoni stesheni, katikati ya msongamano, akalelewa na watu wema, akasoma hadi chuo kikuu. Ana sauti nzuri na hoja zilizopangwa. Alhamisi kipindi kikianza atapiga simu, aseme kwa kwikwi kwamba ameutambua wimbo wa baba. Watamwita studio. Watamkalisha. Nani atathubutu kumwonyesha yatima taa nyekundu?

Nimeanza mazoezi ya kwikwi tangu asubuhi, nikitembea huku na huku. Ya tatu ilikuwa bora. Paka wa jirani ameondoka.

Kuna ugumu mmoja mdogo wa kinasaba. Nikiwa mwana wa Nyuzi Tano, na kwa kuwa Nyuzi Tano, tukienda kwa ukweli mkavu, ni Shemeji, basi Shemeji ni baba yangu. Nimelipindua jambo hili kila upande na sioni linapovuja.

Dada anaita chakula. Bado sijamwambia kwamba kuanzia Alhamisi yeye ni mama yangu.